Wanampongeza Mwanarusi

Mwanarusi wa Bongwe alikuwa na mdomo. Hayo si masengenyo, mwenyewe alijua, na marehemu mumewe aliyasema mbele za watu mara nyingi tu. Neno likimwingia sikioni halikai. Kabla hujageuka limeshavuka ua na kufika kwa jirani, tena limeongezwa chumvi njiani. Hakuwa mbaya. Alikuwa mtu wa furaha, na furaha ikimpata hakuweza kuila peke yake.

Ndiyo sababu mkaza mwanawe, Twaiba, alimwapisha.

Ilikuwa siku ambayo buibui halikuweza tena kuificha mimba. Twaiba alimkuta jikoni anakuna nazi, akakaa kwenye kigoda mbele yake, akamwambia taratibu, "Mama, safari hii sitaki kusikia hongera ya mtu yeyote. Nisiisikie wala nisiambiwe. Mpaka nirudi mwenyewe kwa miguu yangu na mtoto mkononi. Niapie." Mwanarusi akaweka nazi chini, akafuta mikono kwa leso, akaapa wallahi. Hakuuliza kwa nini. Alijua kwa nini.

Mimba ya kwanza ilipofika miezi saba, Mwanarusi aliitangaza kwenye maulidi, kina mama wamejaa mkekani, na Twaiba akakaa pale katikati anapongezwa kama bibi harusi. Hongera huku, hongera kule, mpaka waliomjua kwa mbali wakampa mkono. Mtoto alizaliwa hakulia. Watu wale wale wakarudi kwenye mlango ule ule, na waliosema hongera wakasema pole. Twaiba alikaa chumbani, anawasikia mmoja mmoja wakivua viatu kizingitini. Tangu hapo akawa akisikia mtu anampongeza mwenziwe, hata kwa gauni jipya, huinuka na kutafuta kazi ya kufanya.

Basi Mwanarusi aliushika ulimi wake, na asikwambie mtu, ilikuwa kazi. Miezi yote iliyobaki alipita sokoni Ukunda kama aliyeng'olewa jino. Wakimuuliza habari za nyumbani anasema nzuri. Wakimuuliza Twaiba hajambo, anasema hajambo. Halafu anaaga haraka na kushika njia, kwa sababu alijijua.

Uchungu ulimshika Twaiba alfajiri, watu wakienda msikitini. Swabir, mwana pekee wa Mwanarusi, aliyekuwa akitunza bustani ya hoteli moja kule Diani, alileta teksi hadi mlangoni wakaondoka kwenda Msambweni. Mama mzazi wa Twaiba alikuwa anatokea Jego, naye angefikia huko huko hospitalini. Kazi ya Mwanarusi ilikuwa nyumbani: kufagia chumba, kuandaa uji wa pilipili manga, na kutafuta maji. Maji ndiyo yaliyomnyima raha. Mfereji ulikuwa umekauka tangu kabla ya Ramadhani, mtaa mzima ulikuwa unanunua ya mkokoteni, na yale ya kisima yalikuwa ya chumvi hata sabuni haitoi povu. Sasa mzazi atakandwa kwa maji gani, na mtoto ataogeshwa kwa nini?

Alikuwa ameketi barazani na tasbihi yake, moyo uko Msambweni, aliposikia mfereji wa uani unakohoa. Akadhani anajidanganya. Ukakohoa tena, ukapiga chafya, ukatema maji mekundu ya kutu. Kisha yakaanza kutoka meupe, mengi, yana nguvu. Mwanarusi alikimbia na ndoo, goti bovu na yote. Aliona ndoo inajaa, akatia ya pili, na kabla hajajijua kigelegele kilikuwa kimeshamtoka. Kilikuwa kirefu, cha kutoka tumboni, maana kilikuwa kimefungiwa humo miezi mingi. Alikuwa anampigia Mungu aliyeleta maji siku ya leo, basi.

Ng'ambo ya ua kigelegele kikajibiwa. Cha pili kikaitika upande wa barabarani, na cha tatu kule nyuma kwenye minazi. Ndipo Mwanarusi alipoganda na kata mkononi. Mtaa mzima ulikuwa umeiona teksi. Mtaa mzima ulimwona Twaiba ameshikwa kwapani anaingizwa garini. Sasa wamesikia kigelegele kwa Mwanarusi, na wewe ungekuwa jirani ungefikiri nini?

Wa kwanza kuingia alikuwa Mbeyu, mkaanga mahamri, mikono bado ina unga. Hawa wawili walichezwa ngoma ya unyago mwaka mmoja na waliolewa mwaka mmoja, wakagombana na kupatana mara zisizo na idadi. Mbeyu alisimama uani, akamtazama mwenziwe, akatazama na ndoo, akamnyooshea mkono. "Hongera, mwenzangu. Hongera ya mjukuu."

Na Mwanarusi, yule mwenye mdomo, akakosa neno.

Mnafikiri ilikuwa rahisi kusema bado? Kwao hongera hairudishwi mlangoni. Mama mkwe wake alimfundisha hivyo alipokuja kuolewa: mtu akikupongeza kwa kitu, ukamwambia sina, umejifungia njia mwenyewe. Hongera ni kama chakula cha jirani, hukikatai hata kama umeshiba. Sasa akisema mtoto hajazaliwa, amemfungia Twaiba njia kwa kinywa chake mwenyewe, saa hii ambayo mtoto yumo njiani. Na akiipokea amevunja kiapo, na yale ya mwaka ule yanaanza upya. Huku moto na huku moto. Alisimama hapo maji yanamwagikia miguuni, mwisho akashika mkono wa Mbeyu na kusema, "Amin."

Mbeyu akamtazama kidogo. Aliufunga mfereji, akaenda zake jikoni kuwasha moto.

Baada ya hapo wakaja. Mzee Chirau wa nyumba ya nyuma alikuja na kuku jike, miguu imefungwa kwa ukuti. "Hongera, shemeji. Huyu ni wa mchuzi wa mzazi, msimfuge." Mwanarusi akasema amin. Kina mama wakaja na kuni kichwani, mmoja na mtama wa uji, mwingine na leso kuukuu laini za kumfungia mtoto. Hongera, hongera. Amin, amin, inshallah. Rispah, mpangaji wa chumba cha mbele kwa Mbeyu, msusi kule Ukunda na mtu wa bara, aliingia amebeba pakiti nzima ya pampasi. "Mama Swabir, hongera sana, aki nimefurahi mbaya. Ni kijana ama ni msichana?"

"Mungu anajua," akasema Mwanarusi.

"Si hata daktari anajua sasa," Rispah akacheka, na wengine wakacheka, na Mwanarusi akacheka pamoja nao.

Pampasi zile ndizo zilizommaliza. Nyumba ile haikuwa imenunuliwa hata kofia ya mtoto. Twaiba alikataa. Mwaka ule walikuwa na sanduku zima la nguo ndogo, wakalitoa baadaye kimyakimya kwa watu wa mbali. Sasa pakiti imekaa juu ya kiti katikati ya uwanja, kubwa, na picha ya mtoto anacheka. Mwanarusi akaichukua akaifunika kwa kanga, akasema nzi, wakati nzi hawakuwapo.

Swabir alipiga simu jua limeshapanda. Mwanarusi aliichukua akaelekea nyuma ya nyumba, lakini sauti za watu zilimfuata mpaka huko, maana kina mama walikuwa wameanza kuimba kidogo kidogo wakipeta mtama.

"Mama, bado," Swabir akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Presha yake imepanda. Daktari anasema wanangoja kidogo, kisipoeleweka watampasua. Mama mkwe yuko naye ndani." Akatega sikio. "Huko kuna nini? Nasikia watu."

Angeweza kusema ni redio. Lilimjia, akalimeza.

"Wananipongeza," akasema.

"Wanakupongeza nini?"

"Mjukuu. Sikusema neno, mwanangu, naapa tena. Ni maji."

"Maji gani?"

"Ya mfereji. Yamerudi. Nikapiga kigelegele."

Alimsikia mwanawe akivuta pumzi ndefu na kuishusha. Hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alisema tu, "Mama, Twaiba asilijue hili," kisha nyuma yake mtu akaita jina lake na simu ikakatika.

Mwanarusi hakurudi uwanjani. Aliingia jikoni, akajiinamia kwenye kigoda kile kile alichokalia Twaiba siku ya kiapo, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Aliogopa. Tuseme kama ilivyokuwa: aliogopa kwamba atakufa mtoto, atakufa na mama yake, na kwamba watu watasema pole kwenye mlango huu huu, na atakayekuwa amewaleta ni yeye na kinywa chake. Mbeyu alikuwa anakoroga uji. Alimwacha alie kidogo, kisha akamwekea kikombe cha maji mkononi.

"Hajazaa," Mwanarusi akasema.

"Najua."

Mwanarusi akainua uso.

"Nilijua tangu mlangoni," Mbeyu akasema, anaonja uji kwa ncha ya mwiko. "Ndoo zimejaa, umelowa mpaka kiunoni. Nikasema, lo, mwenzangu amefurahia maji. Lakini hongera ilishanitoka. Halafu ukaniitikia amin. Nani anaitikia hongera kwa amin? Mtu akizaliwa mjukuu husema ahsante, hujivuna, humchosha mwenziwe kwa habari. Na wewe nakujua."

"Sasa mbona hukuwaambia? Umewaacha wote wale wanajaa uwanja."

"Nimewaambia. Isipokuwa Rispah, yeye aliingia na kelele zake nikamwambia baadaye. Chirau nilimwambia kabla hajaenda kumkamata kuku."

Mwanarusi hakuelewa. Aliutazama mlango wa jikoni, na nje ya mlango watu wanaopeta mtama na kupasua kuni kwa ajili ya mtoto ambaye wote walijua hajazaliwa. "Mnanifanyia mzaha," akasema.

"Mzaha wa nini." Mbeyu akaweka mwiko chini, na sasa sauti yake ilikuwa na hasira kidogo. "Mwaka ule ulijifungia humu ndani na Swabir wako. Kutwa nzima, mlango umeegeshwa. Sisi tuko majumbani tunasubiri kuitwa, tunaogopa kuja, tunasema tusije tukaharibu. Tuliitwa kuzika. Mimi sikusahau hilo, Mwanarusi. Leo nimesikia kigelegele chako nikaja, na nikishaingia sitoki. Hawa nao nimewaambia, anayetaka kwenda aende, na anayekaa akae akimpongeza. Hongera ni dua kama dua nyingine. Wewe uliisema mwenyewe, amin."

Mwanarusi alikunywa maji yale yote. Yalikuwa matamu, maji ya mfereji, hayana chumvi.

Akatoka nje akakaa mkekani na wenziwe. Hakuna aliyemuuliza kitu. Rispah, aibu imemshika, alikuja kumkalia karibu na kuanza kumfumua nywele bila kuombwa, akamsuka upya mistari midogo ya nyumbani, na Mwanarusi akamwachia kichwa. Adhuhuri walisali kwa zamu, wengine chumbani, wengine barazani, na Rispah, ambaye ni mtu wa kanisa, aliinamisha kichwa pale pale alipo na kuomba kwa njia yake. Kuku wa Mzee Chirau alijifungua ukuti akapita katikati ya watu. Wakamkimbiza, akawashinda, akapanda juu ya paa la choo, wakamtukana vizuri. Mtu akipita barabarani na kuuliza kuna nini, Mbeyu humjibu kwa sauti kavu, "Tunampongeza Mwanarusi," na mpita njia naye huingiza kichwa na kusema hongera, mama. Amin, mwanangu. Kila amin ilimtoka nzito kuliko ile ya nyuma, mpaka mwisho akawa anaisema kwa macho yaliyofumba.

Simu iliita jua limegeukia alasiri. Uwanja wote ukaacha kazi. Mwanarusi aliitazama inavyotetemeka mkekani, na kama si Mbeyu kuibonyeza na kumsogezea sikioni, sijui angeipokea lini.

Alichosikia kwanza ni mwanawe analia. Swabir alikuwa analia kama alivyolia alipokuwa mdogo, kwa kwikwi, maneno hayatoki. "Sema," Mwanarusi akamwambia. "Sema tu, mwanangu, nimekaa." Swabir akajaribu akashindwa. Kisha nyuma ya kilio chake kikasikika kilio kingine, kidogo, kikali, cha mtu aliyeudhika. Mwanarusi akashika mkono wa Mbeyu akaubana mpaka pete ikamwumiza mwenziwe.

"Ni msichana," Swabir akasema. "Amekuja mwenyewe. Walikuwa wameshaandaa kumpasua, na akaja mwenyewe. Twaiba mzima. Presha imeshuka. Mama, anataka kusema na wewe."

Sauti ya Twaiba ilikuwa imechoka, ya kukwaruza. "Mama."

"Mwanangu," akasema Mwanarusi, na kabla furaha haijamzidi akalitoa lile lililokuwa limemkaba tangu asubuhi. "Nimevunja kiapo. Watu wamejaa hapa. Tangu asubuhi wananipongeza na nimewapokea wote. Nisamehe."

"Najua."

"Swabir kakwambia?"

"Aliporudi ndani uso umembadilika. Nikajua kuna neno, nikambana mpaka akasema. Akaniambia, wanampongeza mama." Twaiba akapumua, na mtoto akasikika karibu sana na simu. "Mwanzo nilikasirika. Nilitaka kulia. Halafu yale maumivu yakaja makali, wakasema wanachukua kile kitanda cha magurudumu, na mimi nikawa nafikiria uwanja wetu. Nikasema, mwaka ule walinipongeza nimekaa kitako sifanyi kitu. Leo wananipongeza huku nafanya kazi. Nikaona wanasukuma pamoja nami. Unaelewa, mama? Nikajisemea, wameshawasha moto wa uji, nitarudi vipi mikono mitupu?"

Mwanarusi aliitikia kwa kichwa kana kwamba Twaiba anamwona.

"Bado wapo?" Twaiba akauliza.

"Wapo."

"Basi usiwaache waende na njaa," Twaiba akasema, na simu ikarudi kwa Swabir, ambaye alikuwa bado anafuta kamasi.

Mwanarusi akaiweka simu mkekani. Watu wote walikuwa wanamtazama, Rispah ameshika kitana hewani, Mzee Chirau amesimama na kofia mkononi. Wenyewe walikuwa wamesikia kile kilio kidogo, kila mtu alikuwa amekisikia, lakini hakuna aliyethubutu kupiga kigelegele kabla yake. Alijaribu kupiga yeye. Kinywa kilifunguka, ulimi ukaenda, na hakikutoka kitu, ila machozi tu. Alicheka mwenyewe kwa aibu. Akainuka, goti likalia, akajifunga leso vizuri kiunoni na kwenda kusimama mlangoni pake, pale pale kizingitini ambapo watu walivulia viatu mwaka ule.

"Haya," akasema. "Sasa nipongezeni."

Mbeyu ndiye aliyetangulia. Aliondoka mkekani akatoka mpaka nje ya ua, akageuka, akaingia upya kama mtu anayefika saa hiyo kutoka kwake. Akavua viatu. Akanyoosha mkono.

"Hongera, mwenzangu. Hongera ya mjukuu."

"Ahsante," akasema Mwanarusi, na hakuuachia mkono wake.